Kifua Kimejaa, Pumzi Hakuna

Mwezi wa sita mwaka jana alikuja kwenye ukumbi wetu wa judo na mieleka hapa Mbeya kijana anayepakia viazi kwenye mafuso pale Uyole. Alimsindikiza binamu yake tu. Akakaa pembeni na koti lake la baridi, akatazama kama robo saa, kisha akavua viatu na kuuliza kama na yeye anaruhusiwa kumshika mtu. Wakanitoa mimi nishikane naye. Ndani ya dakika mbili nilimwangusha mara tatu, na hilo si la kujisifia, maana mwenzangu alikuwa hajui hata pa kuweka mguu. Dakika ya nne nilikuwa nimemng'ang'ania ili nisidondoke. Ya sita akanikumbatia kiunoni kama anavyokumbatia gunia la lumbesa, akaninyanyua, akabaki amesimama nami hewani huku akiwauliza wenzangu, "Sasa huyu nimuweke wapi?"

Wakati huo nilikuwa nimelipia jimu miezi minane mfululizo. Kifua kilikuwa kimejaa mpaka vifungo vya shati vinalalamika.

Tangu siku ile nina ugomvi na namna vijana wengi tunaocheza judo, mieleka na jiujitsu hapa Mbeya tunavyojiandaa. Tunafanya mazoezi ya mtu anayetaka kupiga picha, halafu tunashangaa raundi ya pili miguu ikiwa ya uji. Pambano la judo la watu wazima ni dakika 4, na mkitoka sare mnaendelea bila kikomo cha muda hadi mshindi apatikane. Mieleka ya Olimpiki ni vipindi viwili vya dakika 3, katikati mnapumzika sekunde 30. Ukishindwa kurudisha pumzi ndani ya hizo sekunde 30, ukubwa wa mkono wako haumtishi mtu.

Mwili una akiba ya nguvu ya haraka, ile unayoitumia kumnyanyua mtu kwa ghafla. Inaisha ndani ya sekunde 10 hivi. Baada ya hapo unatumia nguvu inayoacha misuli ikiwaka moto, na hiyo nayo haikufikishi mbali. Kinachoijaza tena ile akiba ya kwanza, kati ya purukushani moja na nyingine, ni hewa. Kwa hiyo mtu mwenye pumzi anaweza kukushambulia kwa nguvu ileile mara kumi, wakati wewe umebakiwa na mashambulizi mawili na sala.

Na pumzi hiyo inajengwa na zoezi ambalo nililidharau kuliko yote: kukimbia polepole. Polepole kweli. Siku hizi Jumanne na Ijumaa natoka saa kumi na mbili asubuhi, nafuata njia ya kupanda mlima Loleza, dakika 45 hadi saa nzima, kwenye miinuko natembea bila aibu. Kipimo changu ni mdomo: nikishindwa kumsalimia mama anayeshuka na kuni na kumalizia salamu yote, shikamoo, habari za asubuhi, za nyumbani, basi nimekwenda kasi mno na napunguza. Wiki tatu za kwanza nilijiona mjinga. Ya nane niliacha kuhema kama mbuzi ukumbini.

Hapa naomba niseme na ndugu zangu wanaoringia mwinuko. Ni kweli, jiji letu liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na wageni kutoka Dar wanakuja hapa wanakata pumzi raundi ya kwanza. Tunacheka sana. Tukishuka sisi kwenda Dar hali inageuka, maana kule joto linaulazimisha moyo kufanya kazi mbili, kulisha misuli na kusukuma damu kwenye ngozi ili mwili upoe. Mtu wa Mbeya aliyezoea kufanya mazoezi na sweta anayeyuka kama siagi. Ukiwa na safari hiyo, tangulia siku kadhaa, na maji yasikutoke mkononi.

Kitu cha pili kinachotuangusha ni vidole. Ukimshika mtu koti la judo na kukaza bila kuachia, misuli ya mkono inabana mishipa yake yenyewe, damu inapita kwa shida, mkono unajaa na kuuma, kisha vidole vinafunguka bila ruhusa yako. Kunyanyua vyuma mbele ya kioo hakukuandai kwa hilo. Mimi natundika taulo mbili kwenye mwamba wa goli, nashika moja kila mkono na kuning'inia sekunde 20, napumzika, narudia mara sita. Kisha madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji, yaani kilo 40 jumla, natembea nayo toka goli hadi goli. Watoto wa mtaani kwetu wanadhani maji yamekatika.

Halafu kuna gunia la mchanga, kilo 35 hivi. Alhamisi nalinyanyua toka chini hadi begani kwa dakika 4, sekunde 20 za kazi na 40 za kupumua, nakaa dakika mbili, narudia. Raundi tatu zinatosha. Nasema zinatosha kwa sababu mwanzoni niliingia kwenye mtego mwingine: nilipakua kwenye simu ratiba ya Mmarekani mmoja, siku sita kwa wiki, kila siku mpaka unaona nyota. Wiki ya tatu kiwiko kilivimba, nikawa nashindwa kufungua chupa ya chai, na Jumamosi nilifika mkekani nikiwa nimechoka kabla sijamshika mtu. Nikakabwa na kijana wa kidato cha tatu. Mazoezi ya pembeni yakikuibia Jumamosi yako, hayo ni adhabu, na hata hujui umemkosea nani.

Kula sisemi mengi. Nchi ya viazi, maharage, ndizi na parachichi, anayekosa nguvu huku ana matatizo mengine.

Yule kijana wa Uyole sasa ni mwenzetu. Anajifunza kuanguka, na bado hapendi. Wiki iliyopita alinikuta uwanjani na gunia, akasimama kunitazama, akatikisa kichwa. "Kaka, unalivuta kwa mikono. Lisogelee kwanza, uliguse na tumbo, halafu simama nalo." Nikaligusa na tumbo, nikasimama. Likapanda begani kana kwamba limepungua nusu, kamba niliyoifunga ovyo ikafunguka, na mchanga wote ukaniingia shingoni.