Gari likivuka bahari, wito wake usibaki Japani

Watu wa nyumbani Nakuru wakiisifia Marekani hutaja mishahara na barabara. Mimi ningeanza na jambo lisilotajwa kabisa: mwenye gari huku huambiwa likigundulika na kasoro ya kiwandani, yaani hupata wito wa mtengenezaji wa kulipeleka likarekebishwe, hata kama alilinunua likiwa limeshapita mikononi mwa watu wengine.

Ninaishi California. Niliandikiwa barua na mtengenezaji kuhusu kifaa kimoja cha kudhibiti moshi katika gari langu, nililolinunua likiwa limeshatumika. Barua ilikuwa na jina langu, nambari ya chesisi na maelezo ya kifaa chenyewe. Nikalipeleka, likatengenezwa bila kutoa hata senti, nikapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba kazi imefanyika. Karatasi hiyo si pambo. Katika jimbo hili, gari lenye wito wa moshi ambao haujatekelezwa linaweza kunyimwa usajili wa mwaka unaofuata.

Hapa niwatahadharishe ndugu zetu walioko huku. Wengi huingiza nambari ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la Marekani la usalama barabarani, wakiona hakuna wito wanatulia. Ile ni ya wito wa usalama. Wito wa moshi unasimamiwa na EPA, shirika la taifa la mazingira, na California ina CARB pia, bodi yake ya hewa safi, kwa hiyo muulize mtengenezaji mwenyewe au wakala wake. Nambari hiyo yenye tarakimu na herufi 17 iko chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Haitumii kamwe herufi I, O wala Q, basi ukiona duara, hiyo ni sifuri.

Sasa tuje Nakuru. Simama Kenyatta Avenue saa za jioni uangalie magari: mengi yalianza kazi Japani kabla ya kushushwa Mombasa. Nambari zao za chesisi ni fupi kuliko hizi za Marekani, zina herufi na tarakimu chache, kistari, kisha mfululizo wa tarakimu. Ukiiandika kwenye tovuti ya Marekani haitambuliwi, na mtu anaweza kudhani gari lake halina neno. Pahali pa kuitafuta ni tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyolitengeneza. Lugha isikutishe, simu yako itakutafsiria. Nambari yenyewe imo kwenye logibuku, hati ya usajili wa gari, na imegongwa pia kwenye gari.

Msidhani ni suala la wapenda mazingira peke yao. Juni 2016 Toyota iliita magari kama milioni 2.87 duniani, yakiwemo Prius, Auris na baadhi ya Corolla yaliyotengenezwa kati ya 2006 na 2015. Tatizo lilikuwa kwenye kifaa kinachozuia mvuke wa petroli usitoke hewani: kingeweza kupata ufa, na baadaye petroli ikavuja. Magari ya miaka hiyo tunayo mengi, kwa sababu sheria yetu huruhusu kuagiza gari lisilozidi miaka 8. Huenda lako lilirekebishwa kabla ya kupanda meli, huenda halikurekebishwa. Kulitazama kwa macho hakutoshi, nambari ya chesisi ndiyo itakayokwambia.

Kinachoniuma zaidi ni tunachofanya na katalitiki konvata, kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi. Nikiwa likizoni nilisimama kwenye gereji moja nikamwona fundi akilala chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki, akakata bomba la ekzosi kwa grainda, akatoa kile kifaa chenye masega ya kijivu ndani, kisha akachomelea bomba tupu pale pale. Mwenye gari alikuwa ameambiwa kifaa kimeziba na kinamaliza mafuta. Hakuambiwa kwamba masega yale yana platinamu, paladiamu na rodiamu, wala kwamba kuna mnunuzi anayeyasubiri. Gari likaondoka likinguruma, moshi ukabaki na vijana wa hapo gereji wanaouvuta kutwa nzima.

Nawaheshimu mafundi wetu sana. Kifaa ambacho huku hutupwa, wao wanakifufua, tena wanakufuata hadi nyumbani ukikwama. Lakini ule utetezi wa zamani kwamba mafuta yetu yanaua vifaa hivi hauna nguvu tena. Petroli yenye risasi iliondolewa kufikia 2006, na tangu Januari 2015 kiwango cha salfa kilichoruhusiwa kwenye dizeli kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni.

Katiba yetu haijanyamaza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa, na cha 42 kinatupa wote haki ya mazingira safi. NTSA, mamlaka yetu ya usafiri na usalama barabarani, tayari inashika nambari ya chesisi ya kila gari lililosajiliwa. Ninachoomba ni kwamba logibuku inapobadilishwa jina, mnunuzi aonyeshwe kama gari hilo lina wito uliobaki. Na wakala wa kampuni husika nchini asimgeuzie mgongo mtu kwa sababu gari lake halikununuliwa kwake.

Hadi hapo tutakapofika, itisha nambari ya chesisi kabla ya kulipa hata amana, uitafute mwenyewe, uchapishe ulichokipata. Ukikuta wito, mwandikie wakala, taja kifaa na mwaka wa wito, na udai jibu la maandishi. Ukiwa na ndugu ng'ambo, mtumie picha ya logibuku akusaidie kusoma. Mimi nimewaambia wa kwetu wanitumie wakati wowote.