Mzee ameanza kusahau: familia iseme au ifiche?

Msimu wa korosho hufichua mengi Mtwara na Lindi. Mzee aliyezoea kupeleka magunia yake ghalani anauliza mara tatu kwa siku kama malipo yameingia, anapoteza stakabadhi, anawalipa vibarua wa kuokota mara mbili. Nyumbani wanasema "uzee huo", au "amerudia utoto", na mambo yanaishia hapo. Uzee wa kawaida humsahaulisha mtu jina la jirani, kisha likamrudia jioni. Anayelipa deni lilelile mara mbili, au anayepotea njia ya shamba lake mwenyewe, apelekwe hospitali.

Huenda isiwe demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na fikra kidogo kidogo. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, sonona, na hata baadhi ya dawa za usingizi au mzio huleta usahaulifu unaotibika. Kwa hiyo bebeni dawa zote anazotumia, za dukani na za miti shamba. Mzee asiyesoma asihukumiwe kwa kipimo cha kuandika. Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, ambacho pamoja na mengine humtaka mzee akumbuke maneno kumi na apange njiti za kiberiti kwa mfano anaoonyeshwa. Huko Hai, utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta demensia kwa takribani watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi.

Ikithibitika, familia nyingi hukwama kwenye swali moja: tuseme au tufiche?

Wanaotaka siri hawaongozwi na aibu peke yake. Mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kwa siri nje ya ghala, akipata fununu, atamvizia mzee akiwa peke yake shambani na kumlipa bei ya kutupa. Bibi anayeongea mambo yasiyoeleweka anaweza kuitwa mchawi, na jina hilo likishabandikwa halibanduki. Tena kuna dhuluma ya ndani ya nyumba: neno likitoka leo, kesho mzee ananyang'anywa jembe, funguo na simu. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, maana hatua ya mwanzo ya ugonjwa huondoa kumbukumbu mpya na mipango ya hatua nyingi, huku stadi za miaka mingi zikibaki. Asiyekumbuka alichokula asubuhi bado anasuka ukili, anacheza bao, anapogoa mikorosho. Kupulizia salfa asipulizie peke yake: atarudia mti mmoja na kuruka mwingine, ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, uingie. Awe na mwenzake wa kufunga utepe kwenye kila mti uliokwisha pulizwa, na kazi itaendelea.

Lakini siri inakula muda, na muda ndio haba. Huu ndio wakati ambao mzee mwenyewe bado anaweza kuonyesha mpaka wa shamba, kutaja anayemdai na anayedaiwa, na kusema mikorosho ipi ni ya nani. Wosia unataka akili timamu. Ukiandikwa kwa kuchelewa utapingwa. Katika koo za Wamakonde na Wamwera, ambako mjomba bado ana neno, ukimya huzaa ugomvi mbaya kati ya watoto na wapwa, kila upande ukidai "mzee aliniambia mimi".

Kwa maoni yangu, familia iseme, ila kwa mizunguko, na wa kwanza kuambiwa awe mgonjwa. Kosa kubwa ni kumwambia mtoto mkubwa na kumficha mwenye ugonjwa. Aambiwe asubuhi akiwa ametulia, kwa sentensi fupi, na mtu anayemwamini, bila mitihani ya "huyu unamkumbuka?". Mzunguko wa pili ni watu wa nyumbani. Majuma hayo hayo, mzee aulize benki kuhusu akaunti ya sahihi mbili; amteue mtu mmoja wa kushika naye namba ya siri ya simu, na mwingine wa kukagua miamala kila mwezi; mipaka itembelewe na iandikwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji na majirani wa shamba. Nyumbani, daftari liwe moja, kalamu imefungwa kwa kamba, kwa sababu vikaratasi vingi vinamchanganya zaidi. Dawa za presha zisikatwe: presha iliyoachwa inaharibu mishipa ya ubongo na kuharakisha usahaulifu.

Mzunguko wa tatu ni karani wa chama cha msingi cha ushirika, mwenye duka, bodaboda na imamu. Hao hawahitaji jina la ugonjwa. Inatosha kuwaambia: akiuliza tena, mjibu tena, akitaka kuuza nje ya ghala, mpigie mwanawe.

Jamii nzima, kwa upande wake, inahitaji kulijua jina la demensia pasipo kutajiwa mtu. Siku ya Alzheimer duniani, ugonjwa ulio aina ya demensia inayoonekana zaidi, ni Septemba 21, majuma machache kabla ya minada ya korosho kupamba moto. Mganga wa zahanati akipewa dakika kumi kwenye mkutano wa wakulima wakati huo, azitumie kueleza dalili, uchunguzi, na kwamba bibi anayesahau si mchawi. Kisha aseme ni siku gani ya wiki wazee watapokelewa zahanati, na kwamba waje na dawa zao kwenye mfuko.