Nene na Nyembamba

Tangu Jumamosi iliyopita mashemeji zangu hawanisemeshi, na chanzo chake ni maneno manne ya Kiingereza.

Katika harusi ya mdogo wake mke wangu nilipewa kipaza sauti nitafsiri hotuba ya rafiki wa bwana harusi, kijana aliyekulia Uingereza, kwa sababu tu ukoo mzima unaamini kwamba mtu aliyewahi kuwa karani wa bandari hawezi kushindwa na Kiingereza. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kijana aliposema kwamba bwana harusi atakuwa na mkewe "through thick and thin". Thick ni nene, thin ni nyembamba. Nikatangaza kwa kujiamini kwamba atampenda awe mnene, awe mwembamba. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama bibi harusi, ambaye alikuwa amejinyima wali miezi mitatu ili zipu ya gauni ipande.

Mama mkwe alipokunja uso, niliona heri niyarudie maneno yenyewe, nisije nikadhaniwa nimeyatunga. Hapo ndipo nilipojimaliza. Mimi tangu utotoni thelathini naiita selasini. Basi ulimi, uliopaswa kuchungulia kidogo katikati ya meno, ulibaki ndani, kikatoka "sick and sin". Padri, ambaye Kiingereza chake ni cha kweli, aliacha kutafuna sambusa. Nilikuwa nimewaombea maharusi ugonjwa na dhambi.

Hata lile neno la kwanza ni la hila: linabeba gh isiyotamkwa, likasomeka thruu, ilhali gh hiyohiyo katika rough inageuka f. Sisi tukiandika gh tunaitamka, na ndiyo maana ghali ni ghali hata mdomoni.

Usiku ule nilikesha na kamusi, nikakuta kwamba mwili wa mtu haumo kabisa. Thick ni kichaka kizito, thin ni mahali penye miti michache, na mshairi Chaucer, katika karne ya 14, aliyatumia kwa farasi aliyefunguliwa akatimka kuwafuata majike wa porini. Siku hizi maana yake ni kutoachana katika shida na raha, jambo ambalo Mswahili angelimaliza kwa kusema "wa kufa na kuzikana", watu wakaendelea na pilau.

Jana nilikwenda kumweleza mama mkwe habari hizo zote, naye akanisikiliza akiwa ameshika mlango nusu. Sasa anataka kujua ni nani hasa kati ya binti yake na mkwe wake mpya niliyemwita farasi.