Maji Hupimwa Mtamboni, Hunywewa Bombani

Wanaopinga kufunga vifaa vya kupima chembechembe zinazoelea majini ndani ya mtandao wa mabomba wana hoja nzito. Vifaa ni ghali, lenzi hushika utando, na penye mgao wa maji viputo vya hewa husomeka kama uchafu. Tena kipimo hakitofautishi kutu na kinyesi. Fedha hizo, wanasema, bora zikazibe mivujo na kununua klorini.

Hoja hiyo, hata hivyo, inachukulia kwamba maji yanayotoka kwenye mtambo wa kusafishia ndiyo yanayofika jikoni. Sivyo. Chembe chache zinazopenya chujio hutuama usiku mwendo wa maji unapopungua, zikachanganyika na kutu ya bomba. Siku bomba kuu likipasuka au zimamoto wakifungua maji, kasi hupanda na masimbi yote, yaani uchafu uliotuama, huibuka.

Waholanzi, ambao maji yao ya bomba husambazwa bila klorini, wamelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi. Hufungua bomba la zimamoto hadi kasi iongezeke kwa mita 0.35 kwa sekunde, wakaishikilia kwa dakika 15 huku wakisoma kiwango cha tope, yaani jinsi chembe zinavyoyatia maji ukungu. Kasi hiyo ni ndogo kuliko ya mtu anayetembea polepole, lakini inatosha kufichua kilichotuama. Mtaa ambao tope limepanda sana na kukawia kushuka husafishwa kwanza, mingine husubiri. Kwa hiyo kipimo chenyewe huokoa fedha.

Kwetu haja ni kubwa zaidi. Dar es Salaam ilipoingia kwenye mgao mwishoni mwa 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua, mabomba yalikuwa yakikauka na kujaa upya. Presha ikishuka, maji machafu ya ardhini huingia kwenye nyufa. Shirika la Afya Duniani linashauri tope lisizidi NTU 1 (NTU ni kizio cha kupimia tope la maji) kabla ya maji kutiwa dawa, lakini jicho huanza kuliona kwenye NTU 4 hivi. Kati ya 1 na 4, mama anayejaza ndoo anaona maji meupe kabisa, ilhali chembe zinakinga vijidudu dhidi ya klorini. Pengo hilo haliwezi kuachiwa macho.

Mivujo izibwe, sikatai. Ila mita ya mkononi haihitaji bajeti ya mtambo: fundi apime mwisho wa laini maji yanaporudi, tope na klorini kwa pamoja, na namba hizo wenye mtaa wazione.