Nyumba Umeuza, Lakini Masizi ni Yako

Mwezi uliopita tulikabidhi nyumba ya wazazi wetu, Ngamiani, Tanga. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi katika zile barabara zetu za namba: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma na jiko na choo. Mama alipofariki tulikaa watoto wote tukakubaliana iuzwe. Mirathi ikaenda kwa utaratibu wake, mnunuzi akapatikana, pesa ikalipwa. Ninalotaka kusema linahusu siku nne zilizofuata, nilizozitumia kuisafisha nyumba ambayo haikuwa yetu tena.

Mdogo wangu alinishangaa. "Dada, watu wameshalipa. Ya nini kujichosha? Pengine wataibomoa tu."

Si yeye peke yake anayefikiri hivyo. Watu wengi wakishauza huondoka kama wanaokimbia deni: stoo imejaa magunia yaliyooza, uani kumetapakaa vyuma chakavu, choo hakitazamiki. Wengine hurudi jioni kufungua balbu, koki, hata vitasa vya milango. Mimi naliona hili ni kosa, na nalisema nikiwa nimelionja. Miaka ya nyuma nilinunua nyumba Dar es Salaam, nikaingia na watoto jioni, nikakuta soketi zimenyofolewa nyaya zinaning'inia, choo kimefurika, na ndani ya simtanki kuna mjusi aliyekufa. Usiku ule tulilala kwa jirani. Aliyeniuzia alikuwa amehesabu noti zangu mara mbili. Nilitamani angepitisha fagio hata mara moja.

Kilichofungwa kwenye nyumba ni cha nyumba, isipokuwa mmekubaliana vingine kabla ya kuandikiana. Mnunuzi aliiona koki pale siku aliyokuja kukagua, na bei aliyoitaja ilikuwa pamoja na koki hiyo. Ukiifungua baada ya kulipwa, umechukua cha mtu.

Na hilo la kubomoa, ni kweli, Ngamiani nyumba za zamani zinaanguka na maghorofa yanainuka. Lakini kibali hakitoki kwa siku moja, wala pesa ya ujenzi. Kabla nyundo ya kwanza haijapigwa kuna watu watalala mle ndani, watapika, wataoga. Watoto wao watatambaa kwenye sakafu ile.

Kazi iliyonila zaidi ni jiko. Mama alipikia kuni na mkaa maisha yake yote, na ukuta ulikuwa mweusi tii mpaka kwenye mapaa. Fundi aliyekuja alitaka kupaka chokaa juu kwa juu amalize siku ileile. Nikakataa. Masizi hayafichiki kwa chokaa. Yatajitokeza tena kwa madoa ya kahawia, na chokaa yenyewe itabanduka kwa sababu imeshika moshi, haijashika ukuta. Tulikwangua kwa brashi ya waya, tukaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tatu, tukaacha ukuta ukauke, ndipo tukapaka. Jiko peke yake lilichukua siku moja na nusu. Nilipoona mwanga wa dirisha unagonga ukuta na kurudi, nilikaa chini nikalia. Sikuwahi kuliona jiko la mama likiwa jeupe.

Sakafu yetu ni ile ya saruji nyekundu, ya kusuguliwa kwa nta mpaka iteleze. Binamu yangu akaja na asidi ya chooni akitaka kuimwaga ukumbini. Asidi inakula saruji; ung'avu wa miaka mingi ungeondoka kwa dakika chache. Halafu nikamkuta chooni anataka kuichanganya na dawa ya klorini ili "iwe kali zaidi". Naomba msomaji wangu ulishike hili: vitu hivyo viwili vikikutana hutoa gesi ya sumu, na vyoo vyetu vya uani ni vidogo, hewa haipiti. Tumia kimoja, suuza kwa maji mengi, na mlango uache wazi.

Nguo za mama sitazieleza sana. Kanga tuligawana sisi wa kike.

Tuliita gari la kunyonya shimo la choo, na hapo nikagundua jambo. Ni mimi na kaka yetu mkubwa tu tuliojua mfuniko wa shimo uko wapi, kwa kuwa baba aliufukia chini ya mchanga karibu na mpera. Mnunuzi angejuaje? Basi nikachukua karatasi nikachora: shimo hapa, bomba la maji linaingia huku, koki kuu ipo nyuma ya pipa. Pamoja nayo nikaweka risiti ya mwisho ya maji ya Tanga UWASA. Nikanunua na umeme, kwani tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na nyumba ikikaa miezi bila mtu kununua umeme, deni hujilimbikiza. Yule atakayenunua wa kwanza ndiye hukatwa lote. Deni lile lilikuwa letu.

Siku ya kukabidhi, mke wa mnunuzi alipita chumba kwa chumba polepole, kanga yake begani. Mwisho wa ukumbi akasimama. Pale sakafuni kuna alama ya duara, nyeupe kidogo, ambayo nilikuwa nimeisugua kutwa nzima bila kutoka.

"Samahani, dada," akasema, "hapa palikuwa na nini?"

Nikamwambia palikaa mtungi wa mama.

"Maji yake yalikuwa baridi?"

Nikamwambia, baridi sana.