"Hicho ni cha kidato cha ngapi?"

Desemba iliyopita, nikiwa likizo Morogoro, niliingia katika duka moja la vitabu na kumwomba kijana aliyekuwa kaunta anionyeshe riwaya za upelelezi za Kiswahili. Aligeuka kutazama rafu zilizokuwa nyuma yake, kisha akaniuliza kwa adabu zote: "Kaka, hicho ni cha kidato cha ngapi?" Nilimweleza kwamba si cha kidato chochote, nataka tu kusoma mwenyewe jioni. Alifikiri kidogo, akaniletea riwaya inayotahiniwa kidato cha nne pamoja na mwongozo wake wa maswali na majibu, na akaniahidi kwamba nikichukua vyote viwili atanipunguzia bei.

Simlaumu hata kidogo, kwa kuwa dukani mle palikuwa na madaftari, rimu za karatasi, vitabu vya kiada kuanzia darasa la kwanza, na karibu na mlango vitabu vya dini pamoja na vile vya motisha vinavyomfundisha mtu kuwa tajiri kabla hajafika miaka arobaini. Hiyo ndiyo biashara inayolipa kodi ya pango. Lakini swali lake nilitoka nalo, nikalala nalo, na nikapanda nalo ndege kurudi Uingereza, kwa sababu linaeleza tofauti ya huku na nyumbani kuliko barabara na mishahara tunayopenda kuilinganisha.

Ninaishi Leicester mwaka wa kumi na moja sasa, nikifanya kazi ya zamu katika nyumba ya kutunzia wazee. Tabia ya kusoma niliyoiacha baada ya shule niliirudia huku, wala si kwa sababu nimestaarabika. Ni kwa sababu maktaba iko njiani ninapotoka kituo cha basi, na ndani yake mna joto. Katika majira ya baridi ya mwaka wangu wa kwanza niliingia kujificha upepo, nikakuta kwamba vitabu vya hadithi vimetengwa kwa aina: vya upelelezi upande wake, vya mapenzi upande wake, bunilizi za kisayansi upande wake, na kila kimoja kina kibandiko mgongoni. Vile visivyo vya kubuni vimepangwa kwa namba, mapishi katika 641, historia ya Tanzania katika 967.8, hivi kwamba mtu asiyejua jina la mwandishi hata mmoja anaweza kuanza na kile anachokipenda, akaongozwa na rafu yenyewe.

Mimi nilianza na upelelezi, ugonjwa wangu wa tangu utotoni. Riwaya ya tatu au ya nne ilikuwa na daktari anayepasua maiti kutafuta chanzo cha kifo, nami nikamwuliza mkutubi kama kuna kitabu cha kweli juu ya kazi hiyo. Akaniongoza kwenye kumbukumbu za daktari mmoja aliyeifanya maisha yake yote. Jirani na kitabu hicho palikuwa na historia za magonjwa, na humo nikakutana na kipindupindu cha London cha mwaka 1854, pale daktari John Snow alipopita mitaa ya Soho akihesabu vifo nyumba kwa nyumba, hadi akaonyesha kwamba wengi wa waliokufa walichota maji katika pampu moja ya Broad Street, na mpini wa pampu hiyo ukang'olewa. Nilisoma habari ile kama riwaya, mimi niliyekulia katika mji ambako tangazo la kipindupindu na kuchemsha maji ya kunywa lilikuwa sehemu ya taarifa ya habari. Hakuna aliyeniambia nitoke kwenye hadithi za kubuni niende kwenye elimu ya afya, wala nisingekubali kama ningeambiwa.

Mpangilio huu haukushuka kutoka mbinguni. Sheria ya mwaka 1964 inazilazimisha serikali za mitaa za Uingereza kutoa huduma ya maktaba, na nyingine ya mwaka 1979 inamlipa mwandishi senti chache kila kitabu chake kinapoazimwa, ili kuazima kusigeuke kumwibia. Hata hivyo, mwenye kudhani kwamba huku ni peponi kwa msomaji nitamsahihisha mapema. Mamia ya maktaba yamefungwa tangu mwaka 2010 kwa kubana matumizi, na kwenye maduka makubwa meza ya mbele ina vitabu vilevile utakavyovikuta supamaketi karibu na mikate. Programu niliyoipakua kwenye simu inichagulie vitabu ilinipa, baada ya mimi kusoma riwaya moja ya mauaji ya kijijini, mauaji ya kijijini kwa mwaka mzima, nikaifuta. Tena msomaji wa huku ni mpweke. Nimepanda basi moja na mwanamke mmoja kwa miezi, kila siku akiwa na kitabu, na hatujawahi kuambiana hata jina la tunachosoma.

Nyumbani kitabu hukufikia kupitia mtu mwingine, na hapo ndipo sikubaliani na wale wanaorudia kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke ndani ya kitabu. Msemo huo umechakaa, na wengi wanaoutumia hawajawahi kumtafutia mtu kitabu cha kusoma. Mjomba wangu, fundi wa redio pale Kihonda, alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake vitabu labda thelathini ambavyo vilizunguka mtaa mzima hadi vikawa laini kama kitambaa. Kwanza alikusimulia, akafika mahali ambapo jasusi amefungwa kitini na adui anaingia chumbani, kisha akanyamaza na kuendelea kuchomelea waya wake. Usiku huo ulikuwa lazima uombe kitabu. Kimoja kilikuwa cha Willy Gamba, mpelelezi wa kwenye riwaya za Elvis Musiba, ambacho kilikuwa kimepoteza jalada na kurasa za mwanzo, kwa hiyo wote tulikiita "Willy Gamba" tu na tulianza kukisoma ukurasa wa kumi na tatu bila kulalamika.

Hamu hiyo haijafa, imehamia kwenye simu. Leo mdogo wangu hufuata hadithi za mfululizo katika grupu za WhatsApp, ambamo mwandishi huachia sehemu chache za mwanzo bure, kisha anayetaka kuendelea humtumia shilingi elfu moja au mbili kwa simu. Watu wanaolipa kwa namna hiyo, tena bila risiti, wataitwaje wasiosoma? Wapo pia waandishi wa riwaya waliojikusanya katika umoja wao wa Uwaridi, wanaoandika na kuuza vitabu vyao wenyewe, lakini usipokuwa unamfahamu mmoja wao au rafiki wa mmoja wao, hakuna mlango utakaobisha.

Kwa maoni yangu tatizo letu ni rafu. Riwaya pendwa ya Kiswahili, yaani ile ya kusomwa kwa burudani, si mtoto wa jana: Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtoa mpelelezi wake Bwana Msa kitabuni mwaka 1960, miaka zaidi ya sitini iliyopita, kabla Tanganyika haijapata uhuru. Lakini kijana wa kaunta hajui kwamba kuna aina ya kitabu inayoitwa hiyo, kwa sababu rafu pekee aliyowahi kuonyeshwa ni orodha ya mtihani, na huko shuleni kila hadithi ilichambuliwa fani na maudhui, dhamira, ujumbe na msimamo wa mwandishi, mpaka mwanafunzi akaapa kwamba akimaliza mtihani hatashika hadithi tena. Tunaanzisha kampeni za kuwahimiza watu wasome, tunachapisha fulana, ilhali ingetosha kwa kuanzia kama kila maktaba ya mkoa ingekuwa na kabati moja lililoandikwa "Upelelezi", jingine "Mapenzi", jingine "Maisha ya watu", na mtu mmoja mwenye ruhusa ya kununua vitabu visivyomo kwenye muhtasari.

Hapa Leicester kwenyewe Kiswahili hakina rafu katika maktaba yangu. Kigujarati kinayo, na ni mbele yake ndipo mzee mmoja wa Kihindi, aliyefukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, aliponisikia nikizungumza na simu akanisalimu kwa Kiswahili cha Kampala na kuniuliza kama nina kitabu chochote cha lugha hiyo cha kumwazima. Sikuwa nacho.

Ombi lake ndilo lililonisukuma kumtafuta rafiki yangu anayesoma chuo cha SOAS, London, ambacho maktaba yake ina Kiswahili kingi kuliko duka lolote nililoingia Morogoro. Nilimtajia Willy Gamba na yale niliyoyakumbuka, nyaraka za siri zilizoibwa Dar es Salaam na msako uliofika Nairobi. Wiki mbili baadaye aliniletea kitabu kilichofungwa jalada gumu la maktaba: Kufa na Kupona, cha mwaka 1974. Nilisimama kituo cha mabasi cha Victoria nikisoma kurasa kumi na mbili ambazo sikuwahi kuziona, na ukweli ni kwamba zilinikera kidogo, maana nilikuwa nimejitungia mwanzo wangu mwenyewe na niliupenda zaidi.

Kitabu kilitakiwa kurudi baada ya wiki chache, na rafiki yangu alianza kupata barua pepe za kukumbushwa hata kabla siku hazijaisha. Kabla sijakirudisha nilipiga picha ukurasa wa jina, nikamtumia mjomba, naye akanipigia simu usiku uleule.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimekiona. Sasa mjomba, wewe ndiye uliyekiazima mwisho, mwaka ule ulipokwenda bweni. Kile changu kiko wapi?"