Wafalme wawili mkononi, ree mezani: aliyetupa ni mwoga?

Juzi barazani hapa Kibokoni jamaa katupa wafalme wawili na hadi leo anachekwa. Tunacheza poka kwa mabuyu, sio pesa, lakini kuchekwa ni kule kule. Flopu, yaani karata tatu za kwanza za wote mezani, imekuja ree ya pau (ree ndiyo humpita mfalme), kumi ya kopa, tisa ya kopa, wamebaki watu wanne, wa kwanza kaweka dau la nusu poti (poti ni mabuyu yote yaliyokwisha wekwa katikati), wa pili kaongeza juu yake, jamaa kaangalia karata zake, akatafuna buyu moja la mtaji wake mwenyewe, akatupa. Mayowe hayo!

Wanaomcheka wana hoja, sikatai. Ukikimbia kila ukiona ree watu watakujua, kila ikitokea utatishwa. Na ukilipia dau la nusu poti wahitaji kushinda mara 1 tu kati ya 4 usile hasara. Sawa.

Ila hawa hawahesabu watu. Ukishika wafalme, ree inatokea kwa flopu kama mara 23 kwa 100, si mkosi huo, ni kawaida. Ikiwa moja mezani zimebaki tatu, kati ya karata 47 usizoziona. Mkiwa wawili tu, mwenzako kuwa nayo ni kama 12 na nusu kwa 100, hapo kutupa kwa dau moja ni woga kweli. Lakini wakiwa watatu mbele yako inaruka hadi kama 34, na hiyo ni kwa hesabu ya kila mtu kushika karata yoyote ile, sasa niambie nani hapa barazani hupewa ree akaitupa? Hata ree na mbili mtu ataing'ang'ania kama mtoto na buyu. Kwangu hiyo 34 ni ndogo sana, na bado hatujamtaja mwenye karata ya kumi na ya tisa mkononi, jozi mbili hizo. Halafu ukishapigwa na ree wa kukuokoa ni wafalme wawili tu waliobaki, na nafasi ya kumpata mmoja kwa karata mbili zijazo haifiki hata 9 kwa 100. Na huku kuna dau na nyongeza juu yake!

Mimi nikiwa na mtu mmoja nalipia, mara moja, nione karata ya nne. Akirudi na dau jengine zito, na ni mtu wa kupisha-pisha bila kuweka dau usiku mzima, wafalme wakalale.